Boila linazimika alfajiri, mchana linawaka lenyewe. Naombeni ushauri

BintiTanga
Wakuu, habari zenu. Niko Leicester, Uingereza, nyumba ya kupanga. Boila letu la gesi liko jikoni, ndilo linalochemsha maji ya bomba na kupasha redieta. Tangu baridi ianze kuuma limenichosha. Tunalala vizuri, saa kumi na moja alfajiri naamka nakuta taa nyekundu na redieta zimepoa kabisa. Nikibonyeza kitufe cha kuliwasha upya linanguruma kidogo, linazimika. Ikifika saa sita mchana linawaka kama halikuwa na neno. Na si kila siku: wiki iliyopita mara tatu, wiki hii mbili.

Fundi wa mwenye nyumba alikuja saa nane mchana, akalikuta linafanya kazi, akaondoka. Sasa mwenye nyumba anasema tunalibonyezabonyeza hovyo. Nina mtoto wa miezi saba, na mama yangu amekuja kututembelea, siku hizo haogi mpaka mchana. Yeye anashauri tuweke jiko la mkaa chumbani.

Kaka_Reading
Pole dada. Tazama kwanza geji ya presha. Boila likiwa limepoa inatakiwa isome kati ya bari 1 na 1.5. Langu lilikuwa likipata moto linapanda hadi 3, vali inamwaga maji nje, asubuhi geji iko karibu na sifuri na boila limegoma.

BintiTanga
Asante kaka. Inasoma 1.3 asubuhi na mchana, haisogei. Ila likigoma nasikia maji yanagugumia ndani. Mama anasema linalia kama buruma, kile kiko cha maji.

FundiBomba
Mama amekupa jibu. Boila la siku hizi linafyonza joto mpaka kwenye moshi wake, mvuke ulio ndani ya moshi unageuka maji, na maji hayo yanatoka kwa bomba jembamba la plastiki. Kama linapita nje ya ukuta, usiku wa baridi kali maji yanaganda humo, yanayofuata yanarudi nyuma, boila linajizima kujilinda. Mchana barafu inayeyuka, ndiyo maana fundi hakuona kitu. Hebu toka nje ulitazame.

BintiTanga
Nimetoka na tochi. Lipo, jeupe, nene kama kidole gumba, limeshuka ukutani mpaka kwenye mfereji. Halijafungwa kitu. Kwenye kona nimeligonga, sauti imekuwa nzito kama limejaa mchanga.

FundiBomba
Hapo hapo. Limwagie maji ya vuguvugu kuanzia kwenye kona. Yasiwe yanayochemka, plastiki itapasuka. Na usiache yatuame mlangoni, yataganda mtu aanguke. Kisha bonyeza kitufe mara moja. Likigoma tena, acha. Mfuniko usiufungue, hiyo ni kazi ya fundi aliyesajiliwa Gas Safe, daftari la mafundi wa gesi.

Usiku wa baridi kali usilizime boila, liache liwake kwa moto mdogo. Dawa yenyewe ni bomba pana, milimita 32 badala ya 21.5, lifungwe sponji ya kuzuia baridi.

MamaWawili
Mdogo wangu, kwa heshima zote kwa mama, mkaa usiingie ndani! Jiko la Tanga liko uani, upepo unapita. Huku madirisha yamefungwa, hewa yake ya sumu haina harufu, na mnalala na mtoto. Hakikisha pia king'ora cha hewa ya sumu kipo karibu na boila; Uingereza mwenye nyumba analazimika kukiweka tangu Oktoba 2022. Mkisikia harufu ya gesi, tokeni nje mpige 0800 111 999.

Halafu mwandikie mwenye nyumba, usimpigie simu. Mtumie picha ya taa nyekundu yenye saa, na ya bomba. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 1985 inamtwika yeye matengenezo ya joto na maji ya moto.

BintiTanga
Wapendwa, nimemwaga birika mbili za vuguvugu. Bomba limekohoa, kipande cha barafu kimetoka chini, nikabonyeza, likawaka! Mama kasimama jikoni analisikiliza, anasema buruma imenyamaza. Picha nimezituma, fundi anakuja Alhamisi kubadilisha bomba. Mama yuko bafuni anaoga.