Wauzaji wa bima hawaachi kunipigia: nikifungia namba moja, wanapiga kwa nyingine

Kaskazi254: Wadau, wauzaji wa bima wananipigia karibu kila siku ya kazi. Nikifungia namba, kesho inaingia nyingine iliyobadilika tarakimu mbili za mwisho tu. Baadhi ukipokea ni kimya, kisha inakatika. Natumia Android, laini ya Safaricom. Nifanyeje?

FundiLaini: Moja moja hutazimaliza. Kampuni hukodi namba kwa mfululizo, na mtambo ndio unaochagua ipi itokee kwenye kioo chako. Fungia mwanzo wa namba. Xiaomi wanayo nafasi hiyo kwenye orodha ya kuzuia. Simu nyingine zitahitaji programu ya kuzuia inayokubali "zinazoanza na". Andika tarakimu zote isipokuwa mbili za mwisho. Ukiandika nne za mwanzo tu umefungia nusu ya mtaa, pamoja na benki yako. Ingiza kwa 07 na pia kwa +2547, kwani programu nyingine huona hizo ni namba mbili tofauti.

Ile ya kimya ni mtambo unaopiga watu wengi kuliko wahudumu waliopo. Ukipokea na hakuna mhudumu aliye huru, unakatwa. Usiipigie tena.

Kifungu37: Hiyo ni kinga tu. Dawa ni pingamizi la maandishi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 36, inakupa haki ya kupinga. Cha 37 kinadai idhini ya wazi kabla data yako haijatumiwa kibiashara. Kumwambia mpigaji "nitoeni" hakusaidii, kazi yake ni kuuza.

Waandikie barua pepe: namba yako, namba zilizopiga, tarehe na saa, picha za kioo. Waulize namba yako waliipata wapi na wamempa nani mwingine. Halafu hapa ndipo wengi hukosea: wanaomba kufutwa, basi. Kampuni ikifuta kila kitu, siku inapopata orodha mpya yenye namba yako haina kumbukumbu kwamba ulikataa, na simu zinaanza upya. Omba wafute mengine yote, ila namba ibaki kwenye orodha ya wasiopigiwa.

Wana siku 14. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwenye tovuti ya Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Sheria inaipa siku 90 kumaliza uchunguzi.

Kaskazi254: Na wakisema namba walipewa na wakala?

Kifungu37: Wataje huyo wakala, naye umwandikie vilevile. Idhini uliyompa mtu mwingine kwa jambo jingine haiwahusu.

MamaMboga_Dijitali: Kagua pia programu za mikopo: Mipangilio, Programu, Ruhusa, kisha zima Anwani (namba ulizohifadhi kwenye simu). Zilizokwisha kupakiwa hazirudi, lakini mpya hazitachukuliwa. Ile *456*9*5# ya Safaricom ni ya jumbe za matangazo, simu haizigusi. Na kunyamazisha kila namba ngeni sikushauri kama unangoja mzigo: mtu wa bodaboda atapiga hadi achoke.