Mkesha wa Pasaka saa 11:30 jioni: ni sawa?

MamaWawili_Kigamboni

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Niko kwenye kamati ya liturujia ya parokia yetu hapa Dar. Wajumbe wengi wanataka Mkesha wa Pasaka mwaka huu uanze saa 11:30 jioni ili wenye watoto wawahi daladala. Vijana nao wamefunga taa za rangi altareni, wanapenda ziwake tangu mwanzo, picha zitoke vizuri. Suala la usalama wa usiku nalielewa, maana nami natoka na wanangu. Lakini moyo unakataa, na kikaoni nilikosa maneno. Je, saa ya kuanza ni utaratibu tu au ni sehemu ya ibada yenyewe? Naomba hoja za kusimama nazo. "Ndivyo tulivyozoea" haitanisaidia.

Katekista_Mstaafu

Milele amina, mama.

Misale, kitabu cha taratibu za Misa, inaagiza wazi: mkesha ufanyike usiku, usianze kabla giza halijaingia, uishe kabla ya mapambazuko ya Jumapili. Kikaoni hilo lingetosha, ila wewe umeomba sababu.

Tazama tunachoshika mikononi usiku ule: moto uliowashwa nje, nta, ubani. Padri anachora kwenye mshumaa wa Pasaka msalaba, herufi Alfa na Omega, na tarakimu nne za mwaka tulio nao, huku akitamka kwamba nyakati zote ni zake Kristo. Anachomeka punje tano za ubani kwa ajili ya majeraha matano. Ni kazi ya sanaa yenye tarehe, ndiyo maana kila mwaka mshumaa huwa mpya. Kisha shemasi anaingia nao kanisani, anaimba "Mwanga wa Kristo" mara tatu, nasi tunapokezana moto hadi viti vya nyuma. Fanyeni hayo saa 11:30, jua likiwa bado madirishani! Mwali hautaonekana, na mnawatangazia mwanga watu wanaoonana vizuri kabisa. Halafu inakuja Mbiu ya Pasaka, wimbo unaorudia tena na tena kwamba huu ndio usiku. Mwimbaji atasimama mchana kweupe aseme jambo ambalo kila mtu anaona si kweli. Mimi nisingethubutu kumpa mtu kazi hiyo.

Na jambo hili si geni. Kwa karne nyingi Kanisa la Roma liliadhimisha mkesha huu Jumamosi asubuhi, mbiu ya usiku ikiimbwa jua likiwaka. Papa Pius wa 12 aliurudisha usiku kwa majaribio mwaka 1951, na kuanzia 1956 ikawa lazima kwa wote. Wajumbe wako wanaturudisha kule tulikokwisha kutoka.

Kuna na hesabu ya siku. Wazee wa pwani wanajua siku mpya huingia jua likizama, na Wayahudi huhesabu vivyo hivyo. Kanisa limerithi hesabu hiyo: Jumapili inaanza na sala ya Masifu ya Jioni ya Jumamosi. Saa 11:30 Jumamosi Kuu haijaisha, Bwana yuko kaburini bado.

Vijana msiwavunje moyo. Wapeni kazi ya swichi: taa zote zizimwe, ziwake baada ya "Mwanga wa Kristo" ya tatu, shemasi akiwa amefika altareni. Mishumaa ya altare ingoje wimbo wa Utukufu, pamoja na kengele.

Ndugu_wa_Ujiji

Nyongeza kutoka Kigoma. Msipange kwa saa ya ukutani, pangeni kwa giza. Aprili jua la Dar linazama karibu saa 12:30. Huku saa zetu ni zilezile, lakini jua linatua ziwani saa 1 ikiwa imepita. Saa 1 kamili kwenu giza, kwetu unasoma kitabu bila taa.

Kuhusu urefu: masomo ya Agano la Kale ni saba, Misale inaruhusu kupunguza hadi matatu, lakini somo la Kitabu cha Kutoka sura ya 14 haliachwi kamwe. Na tuseme ukweli, usiku huwa mrefu kwa sababu ya matangazo na kutambulisha wageni.

Tarumbeta_Mbeya

Mimi ni Mmoraviani, mniruhusu. Kwetu ibada inangoja giza liondoke. Tunakwenda makaburini hakujapambazuka, tarumbeta zikitangulia, ili jua lichomoze tukiwa tumesimama kati ya makaburi ya watu wetu. Desturi ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, kwa kikundi cha vijana. Mbeya Aprili alfajiri ni baridi, mara nyingi na matope, watoto wanabebwa wamefunikwa blanketi. Kwenda saa 3 asubuhi kungekuwa rahisi mno. Lakini tungetamka ufufuo huku jua limeshatutangulia, na kumngojea Bwana pamoja na waliolala ndiyo ibada yenyewe.

MamaWawili_Kigamboni

Shikamoo Katekista, na asanteni nyote. Nitapendekeza saa 1:30 usiku, masomo manne ya Agano la Kale, matangazo yote yahamie Jumapili asubuhi, na kila jumuiya ijipange na wenye magari na bajaji kurudisha watu. Limebaki moja: wakatekumeni, yaani watu wazima wanaojiandaa kwa ubatizo, watabatizwa usiku huo. Watoto wachanga je?

Katekista_Mstaafu

Marahaba, mama. Watoto wachanga wanaweza kubatizwa mkeshani au Jumapili ya Pasaka yenyewe, paroko ndiye wa kupanga. Kabla ya kikao zungumza na mama zao, ujue nani anakaa mbali, umpelekee paroko orodha kamili.