Tupeane uzoefu: homa za machinjioni

Salaam wakuu. Uzi huu ni wa wachinjaji, wachunaji, waosha utumbo na wabebaji wa nyama. Homa inapanda jioni, usiku jasho linalowesha shuka, asubuhi unaamka nafuu lakini kiuno na magoti vinauma. Unapewa dawa ya mseto, kisha ya taifodi, kisha unaambiwa ni UTI. Mimi nilizungushwa hivyo hadi tabibu mmoja kijana akaniuliza, "Mzee, unafanya kazi gani?" Nilipomjibu akaagiza kipimo cha bruselosi, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu, na ndiyo iliyokuwa. Dawa ni wiki 6, doksisaiklini pamoja na rifampisini. Ukizikatiza kwa sababu umepata nafuu, homa inarudi. Wenzangu, nyinyi mnadhani mliipatia wapi?

Mchunaji, Mwanza
Shikamoo mzee. Kwangu ni ng'ombe mwenye mimba. Watu wanaogopa kisu tu, lakini wadudu wa bruselosi wamejaa kwenye mfuko wa uzazi, kwenye kondo na yale maji ya ndama. Ukipasua, yanakurukia usoni. Si lazima uwe na jeraha, jicho linatosha, hata kuyavuta kwa pua. Na fikirieni: ng'ombe akitupa mimba, mfugaji anampeleka wapi? Anamleta mnadani, na kutoka mnadani anakuja kwetu. Sisi ndio tunaopokea wagonjwa wa wilaya nzima, na hakuna anayetuambia.

Mama Utumbo
Mimi naosha matumbo, miguu ndani ya maji ya mfereji, na panya wapo. Niliumwa kichwa na vigimbi hadi kutembea nikashindwa, macho mekundu, baadaye yakawa ya manjano. Ilikuwa homa ya mgunda (leptospirosis). Wengi waliisikia mara ya kwanza mwaka 2022 ilipoua watu Lindi, ila vimelea vyake hukaa kwenye figo za mnyama na kutoka na mkojo. Kwa hiyo anayetoa figo na kibofu naye ajihadhari.

Mwenzenu wa Garissa
Huku kwetu hatusahau mvua za mwisho wa 2006. Mbuzi na kondoo walitupa mimba kwa wingi, kisha watu wakaanza kutoka damu na kufa. Homa ya Bonde la Ufa. Uchinjaji ulipigwa marufuku na tukalala njaa, lakini kushika damu ya mnyama mgonjwa kulikuwa njia mojawapo kubwa ya kuipata. Mvua zikizidi na mifugo ikitupa mimba, msichinje.

Kibarua
Glavu tunazinunua wenyewe, zikilowa mafuta kisu kinateleza, tunazivua. Nikiugua nani ananilipa? Nalipwa kwa kila ng'ombe ninayemshughulikia, sina mkataba.

Mwanzisha uzi
Mdogo wangu, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Hapa Tanzania Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unatambua magonjwa ya kazini, lakini mwajiri ndiye anayechangia, na kibarua asiye kwenye orodha ya mtu atadai kwa nani? Kwa sasa, glavu ikikushinda vaa hata miwani na aproni unapofungua tumbo, na ukifika zahanati anza na kazi yako kabla ya kutaja homa. Na nyie wa Dodoma na Mbeya, mnapewa vifaa au mnajinunulia?