Ukoo wa Kuka (Babu), Khayega (watu 31)

Jumanne

19:02 Shikuku Nakuru: Wapendwa, hamjambo. Nina jambo moja tu, la Baba. Kuna chipu ya ubongo inarudisha macho. Ya Elon Musk, inaitwa Blindsight. Serikali ya Marekani ilishaikubali Septemba 2024. Kila nyumba elfu tano, mwisho Ijumaa.

19:11 Shikuku Nakuru: Naona tiki za bluu 14. Majibu sufuri.

19:15 Baraka: Kuka akiwekwa chipu aanze na mechi ya Ingwe. Dakika ya 20 ataomba itolewe 😂

19:16 Ambani: 😂😂 wacha wewe

19:16 Shikuku Nakuru: Baraka, hapa si mahali pa mzaha.

19:17 Baraka: Na akisahau nywila je, Anko?

19:34 Mercy Kisumu: Anko Shikuku, haijakubaliwa. Ilipewa kipaumbele cha kukaguliwa tu, haiuzwi hata huko kwao. Halafu Kuka ana glakoma, ile presha ya macho. Imeua mshipa unaotoka jichoni kwenda ubongoni. Ni kama stima: balbu ni nzima, waya wa kutoka kwa posti ndio umekatika. Ndiyo maana vifaa vya kuwekwa ndani ya jicho havimfai.

19:36 Shikuku Nakuru: Si ndiyo nasema ubongo!

19:41 Mercy Kisumu: Sawa, ubongo. Kule Elche, Uhispania, kuna mama aliyekuwa mwalimu wa baiolojia, kipofu miaka 16. Walimwekea kijisahani cha milimita 4 chenye sindano 96, huku nyuma ya kichwa. Akaona nukta za mwanga, mistari, herufi kama I na O. Baada ya miezi 6 wakakitoa. Sura ya mtu hakuiona, Anko.

19:44 Shikuku Nakuru: Nukta ni mwanzo. Mimi nimeshatoa 5,000 yangu. Nani anafuata?

20:08 Rasoa: Zinatumwa kwa simu ya nani?

20:09 Shikuku Nakuru: Yangu, Dada.

20:09 Rasoa: Hata zile za 2017 zilitumwa kwa simu yako.

20:10 Shikuku Nakuru: Dada, hayo tulimaliza.

20:12 Rasoa: Ulimaliza wewe na mhubiri mwenye hema. Baba alikuwa anagonga milango kwa bega, nyinyi mkisema uzee. Daktari alitaka matone ya kila siku. MATONE Shikuku. Leo unaleta chipu.

20:13 Ambani: Jamani si hapa.

20:15 Mama Kelvin: Samahani, nani ana mbegu ya mrenda? Mvua imeanza.

20:15 Shikuku Nakuru: Mama Kelvin, tafadhali.

20:22 Mercy Kisumu: Na hata hizo zilizowahi kuuzwa. Kampuni ya Marekani, Second Sight, iliwekea watu zaidi ya 350 kifaa cha jicho kinaitwa Argus II. 2020 pesa zikaisha, kampuni nusura ifungwe. Watu wakabaki na chuma jichoni, kikiharibika hakuna wa kukitengeneza.

20:23 Baraka: Kama posho mil ya Anko Ambani

20:24 Ambani: Mil yangu iwache. Spea iko njiani.

20:24 Baraka: Tangu 2021 😂😂

20:47 Lavenda: Niko na Kuka jikoni. Nimemsomea zote, hata za hema. Amejimiminia chai, kidole kwa mdomo wa kikombe kama kawaida yake, hajamwaga. Sasa anasema niandike.

20:53 Lavenda: "Shikuku, nimekusikia. Kichwa changu hakipasuliwi. Sura ya mama yenu ninayo, sitaki nukta zipite juu yake. Baba yangu alikufa akipapasa ukuta huu huu. Wewe sasa una miaka hamsini na mbili. Macho yako yamepimwa na nani?"

20:53 Lavenda: Amerudia hilo la mwisho mara mbili.

21:40 Shikuku Nakuru: Nimesikia, Baba.

21:46 Mercy Kisumu: Watoto wa mwenye glakoma ndio wa kupimwa kwanza, hata kama unaona vizuri. Huanza bila kuuma. Jumamosi asubuhi naweza kuwapeleka Hospitali ya Macho ya Sabatia.

21:49 Shikuku Nakuru: Basi Jumamosi, saa mbili kamili, stejini Khayega. Probox moja. 5,000 yangu iende mafuta.

21:50 Rasoa: Itume kwa Mercy kwanza.

21:58 Ambani: Jumamosi nina matanga Malava.

22:03 Baraka: Na sisi wajukuu?

Jumatano

06:12 Anko Josphat: Nimetoka lindo sasa hivi. Hiyo chipu inauzwa bei gani?

06:20 Mama Kelvin: Mbegu nimepata, asanteni.

07:05 Shikuku Nakuru: Waliothibitisha Jumamosi: 1. Shikuku 2. Mercy

07:31 Rasoa: Mercy, imefika?