Mashine ya boti inawaka halafu inazima: ilikutokea wapi na tatizo lilikuwa nini? Tupeane uzoefu

Nahodha wa Mafia (mleta mada)

Wakuu habari za majukumu. Hili jambo linatusumbua wengi wa baharini na ziwani. Unavuta kamba mashine inawaka vizuri kabisa, unatoka, dakika tano kumi inakohoa inazima, unavuta inawaka tena halafu inazima tena. Kila mtu alete yake na aseme mwisho aligundua nini.

Naanza na mimi. Natumia Yamaha 40 ile ya kuchanganya oili. Tulitoka Kilindoni alfajiri tukiwa wanne, tumekwenda kama dakika kumi ikapungua nguvu ikazima, nikafungua kava nikatoa plagi nikazifuta nikarudisha, ikawaka, baada ya muda kimya tena. Mara ya tatu mkondo umeshatugeuza ubavu, mimi bado nahangaika na plagi, kijana wangu akashika kile kimpira cha kubinya kwenye hozi ya mafuta akaniambia "bamdogo, mbona hiki kimenywea?" Nikaangalia, kweli kimenywea hadi pande mbili zimegusana. Nikafungua ile skrubu ya hewa juu ya kifuniko cha tenki, ikavuta pumzi fyuuu, kimpira kikajaa chenyewe tunakiona hivi hivi. Kumbe usiku tuliifunga ili mafuta yasimwagike kwenye gari na asubuhi hakuna aliyekumbuka kuifungua. Mafuta yanatoka, hewa haiingii, pampu inanyonya mpaka inashindwa.

Tangu siku ile nashika kimpira kabla ya kushika spana. Kikinywea, tenki halipumui au kuna kizibo kati ya tenki na kimpira. Ukikibinya mpaka kikawa kigumu ujue mafuta yanafika kwenye mashine, tatizo litafute mbele. Ukibinya weee na hakigumuki, kuna mahali hozi inavuta hewa au tenki limekauka.

Mdau wa Ukara

Kaka hapo kwenye kimpira nakuunga mkono ila huku ziwani adui yetu mkubwa ni maji kwenye petroli. Visiwani mafuta tunanunua kwenye madumu na hujui dumu limelala wapi kwenye mvua. Mimi ilinizimia usiku tukiwa kwenye dagaa, taa zinawaka, nyavu ziko majini, mashine inawaka sekunde kadhaa inakata. Kulipokucha nikamimina mafuta kidogo kwenye chupa ya maji ya kunywa ile nyeupe, nikaiacha itulie kwenye ubao. Petroli ikakaa juu na rangi yake ya oili, chini maji meupe kimo cha kidole na yana mstari kabisa. Nikamwaga kabureta yote kwa ile skrubu ya chini ya bakuli, nikasafisha chujio, nikaweka mafuta mapya. Siku hizi siweki mafuta kwenye tenki bila kuyapitisha kwenye chupa kwanza, na tenki silinyonyi mpaka tone la mwisho maana maji yanakaa chini kule.

Mwana Lamu

Yangu ilinipeleka kwa fundi mara tatu na pesa ikaenda bure. Nilikuwa napeleka watu Pate, nimeshaingia ule mlango mwembamba wa bahari wa Mkanda na maji yameanza kupwa, mashine ikawa hivyo hivyo wako na zima. Fundi wa kwanza akabadilisha plagi, wa pili akaniambia koili, ile inayopeleka umeme wa cheche kwenye plagi, imekufa ninunue nyingine, nikanunua, haikusaidia. Mzee mmoja wa pale gatini hata hakufungua kava, alipaka maji ya sabuni pale hozi inapochomekwa kwenye mashine akabinya kimpira kwa nguvu, povu likatoka. Ile pete ndogo ya mpira ndani ya kichomekeo ilikuwa imepasuka. Kitu cha bei ya chai! Ndugu zangu msikubali kununua koili kabla hozi haijapimwa mwanzo mpaka mwisho.

Fundi Kilwa Masoko

Niongeze la kifundi. Ikiwa mashine inazima, mwambie mwenzako aendelee kubinya kimpira wakati inatembea. Kama inaishi anapobinya na inakufa akiacha, na hozi haivuti hewa, fungua pampu ya mafuta uangalie kile kiwambo chake chembamba, mara nyingi kimetoboka au kimekakamaa. Ukivuta choki kidogo ikapata uhai nayo ni dalili kwamba inakosa mafuta, sio moto wa plagi.

Halafu hili naomba mlisome mara mbili. Mashine ya kuchanganya oili inakula oili humo humo kwenye petroli. Ikikosa mafuta inakosa na oili, kwa hiyo ukiilazimisha kwa mwendo mkubwa huku inakohoa utaua pistoni. Nimefungua mashine za namna hiyo nyingi na inauma kuona mtu kapoteza riziki yake.

Mdau wa Kigoma

Mimi yangu haikufa kwenye mwendo, ilikufa kila nikipunguza mwendo nikae taratibu. Ilikuwa imekaa miezi minne na mafuta yaliyochanganywa ndani, yakaganda kama gundi kwenye jeti ndogo ya kabureta, kile kitundu cha kupitisha mafuta. Nilizisafisha kwa dawa na upepo. Usichokonoe kwa waya wa chuma, utapanua tundu.

Mdau wa Pemba

Swali kwa fundi, yangu inawaka, inakojoa maji ya kupoza vizuri, kimpira kigumu, ila ikishapata joto inazima na haiwaki mpaka ipoe kama nusu saa. Hapo vipi?

Fundi Kilwa Masoko

Hapo sasa ndio unaweza kushuku koili mkuu, zikipata joto zingine zinakata moto. Ikizima tu, ikiwa bado ya moto, chomoa hozi usogeze mafuta mbali, toa plagi uigusishe kwenye chuma cha mashine uvute kamba. Kama hakuna cheche, na ikipoa cheche inarudi, umeshapata jibu. Lakini kwanza angalia ile kamba nyekundu ya kuzimia, kile kibano kikilegea kinakata moto vile vile.

Nahodha wa Mafia

Asanteni sana wakuu. Wa Pemba ukipima rudi utuambie, na wenye foo-stroku za sindano, zile zisizochanganya oili na zinazopuliza mafuta bila kabureta, bado hatujawasikia.