Mjadala: Maji ya mafuriko Nairobi yazuiwe bondeni au Kilimani?

Wenzangu, masika ya 2024 mito yetu ilivunja kingo, watu wakafa, na mwezi wa Mei tingatinga zikaingia mtaa wa mabanda wa Mathare kubomoa nyumba zilizo kando ya mto. Tangu hapo kila tukijadili mafuriko tunaishia kwa watu wa bondeni: wahame. Mbona hatuulizi maji yenyewe yametoka wapi?

Mto Nairobi unaanzia kinamasi cha Ondiri, Kikuyu. Kabla ya kufika soko la Gikomba umeshapokea vijito vya Kirichwa vinavyopita Kilimani, Kileleshwa na Lavington, mitaa ya juu, magharibi mwa jiji. Zamani nyumba za huko zilikuwa na bustani na mvua ilizama ardhini. Leo ploti ileile ina ghorofa kumi na zaidi, uwanja umepigwa kabro (matofali ya kutandaza chini) hadi ukutani, na maji yote hukimbilia mtaroni kwa mkupuo.

Msimamo wangu: kila ploti ya upande huo ibebe mvua yake. China ilianza kujaribu miji sponji, yaani miji inayofyonza mvua kama sponji, mwaka 2015, wazo ambalo msanifu wa mandhari Kongjian Yu alilipigania kwa miaka mingi. Vifaa vyake tunavimudu: kabro zinazopitisha maji, zilizolazwa juu ya kokoto, tangi chini ya maegesho, linalojaa haraka na kutoa maji polepole kwa tundu dogo. Na magharibi ndiko kunakofaa, kwa kuwa udongo mwekundu hunywa maji vizuri. Ule mweusi wa Embakasi, upande wa mashariki, ukilowa huvimba na kujifunga, kwa hiyo kabro hizo huko hazitasaidia sana.

Maji taka nayo yana njia ya kusafishwa isiyohitaji mitambo mikubwa. Mwaka 1994, kule Langata, kilijengwa kinamasi cha kusafisha maji ya mkahawa wa Carnivore: yalipita polepole kwenye changarawe na mimea, bakteria wa kwenye mizizi wakivunjavunja uchafu.

Mchangiaji wa Mukuru, mtaa wa mabanda wa bondeni: Kaka, ya mvua nakuunga mkono. Ya kinamasi, hapana. Mto Ngong ukitufikia umeshapita Industrial Area, eneo la viwanda. Bakteria watakula kinyesi, lakini metali za sumu kama risasi (ledi) na kromiamu hawazili, zitabaki kwenye tope. Tena kinamasi kinataka eneo pana. Hapa kwetu nafasi iko wapi? Mtapata sababu nyingine ya kutaka ardhi ya kando ya mto, tuhamishwe tena, safari hii kwa jina la usafi.

Mwanzisha mjadala: Dada, hofu yako ina msingi. Kiwanda kisafishe maji yake ndani ya ua wake, kabla hayajagusa bomba wala mto. Mukuru inahitaji mabomba ya maji taka, na vinamasi vikae huko juu penye nafasi.

Sisemi hifadhi ya mto, ule ukanda wa kando usiopaswa kujengwa, ifutwe. Mvua ikinyesha siku nyingi mfululizo, udongo hushiba, tangi hujaa, na mto utapanda tu. Ninachokataa ni mzigo wote kutwikwa mtu wa bondeni, ilhali aliyeziba ardhi kule juu hadaiwi chochote.

Wahandisi na wasanifu mlio hapa, tuelezeni: mnapopeleka ramani ya ghorofa kaunti, kuna anayedai hesabu ya maji ya mvua yatakakoelekea? Na jengo likishakamilika, kuna anayekuja kukagua tangi?