Naomba ushauri: pawa saplai ya sumaku inajizima ovyo

Habari zenu wakuu. Kwenye laini yetu ya mwale wa protoni, pawa saplai ya sumaku moja ya ncha nne (ya kufokasi mwale) inajizima ghafla na mwale unakatwa. Swichi ya mtiririko wa maji na thamostati za koili (swichi zinazokata joto likizidi) zimeungwa kwa mfululizo, kwa hiyo kompyuta inasema tu intaloki (saketi ya usalama inayozima pawa saplai) imefunguka, basi. Chujio tumesafisha, viunganishi tumekaza, koili hazijapata moto. Kuna anayetaka tupige jampa swichi ya maji, yaani tuiruke kwa waya. Hilo sikubali, koili ikikosa maji inaungua.

Nitanasaje kontakti inayofunguka kwanza, ilhali inajirudi mara moja? Na kuchelewesha kidogo ishara ya maji kwenye PLC (kompyuta ndogo ya kudhibiti mitambo), thamostati zikibaki kukata moja kwa moja, kunakubalika kiusalama?